Jina Nililoling'oa Kwenye Ubeti wa Tano

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula maembe mabichi. Si yale ya kukatwakatwa na kutiwa pilipili. Nasema ya kuchemsha sufuriani, asubuhi maembe, jioni maembe, mpaka meno yakafa ganzi, na kambare juu yake bila ugali, kwa sababu mahindi yote yalikuwa chini ya maji. Mtu wa huku kwetu Garsen na vijiji vya mtoni ukimwambia "mwaka wa maembe mabichi" hakuulizi tarehe. Anashika taya.

Mwaka huo mimi niliiba. Usifikiri niliiba unga wa msaada. Unga ungeliwa ukaisha, Mungu angesamehe. Mimi niliiba jina la mtu, nikaweka langu pale pale lilipokuwa, kisha nikalala usingizi mzuri miaka na miaka. Mshenzi mimi!

Sitaandika jina langu hapa. Lina silabi mbili tu, na hizo mbili ndizo zilizonifedhehesha, utaona. Lake nitaliandika. Anaitwa Mwanaesha. Ni mke wa kaka yangu, wifi yangu.

Nina hasira leo. Nimeshika kalamu hii niliyofundishwa gumbaru, masomo ya watu wazima, na naikandamiza mpaka karatasi inatoboka. Ninajikasirikia mimi kwanza, halafu ninawakasirikia wote wanaoniambia, "Nyamaza, Bibi, ni wimbo tu." Wimbo tu! Nkt!

Mwanaesha kwao ni Kipini, kule mto unakomalizikia baharini. Alipoolewa kwetu Hewani alikuja na Kiswahili ambacho sisi hatukuwa nacho. Kiswahili chetu sisi Wapokomo ni cha kuelewana: Muorma anakuuzia maziwa, Mgiriama ananunua ndizi, mnasukumana na maneno mpaka mnafika. Chake kilikuwa cha kuzaliwa nacho. Tena alikuwa mtunzi. Alikuwa anapepeta mpunga, ungo juu, ungo chini, na maneno yanatoka yamejipanga, huku yametimia, huku yametimia, mwisho unafanana na mwisho. Hasimami kufikiri. Unaweza kumchukia mtu kwa hilo peke yake.

Na mimi je? Mimi ndiye mwimbishaji wa kijiji! Harusi, mimi. Mavuno, mimi. Mgeni wa serikali akija, mimi mbele na ngoma yangu kubwa. Halafu anakuja huyu, mwembamba kama fito, sauti yenyewe ya kuitia kifaranga, na wanawake wanaanza kusema, "Mngojeni Mwanaesha atupe maneno." Yaani mimi niwe koo tu, nikabidhiwe cha kutapika! Juu ya hayo kaka yangu alisilimu ili amwoe, na jamaa zetu wote wa kanisani wakanuna. Niliunuia ubaya kabla sijajua nitaufanyaje.

Maji yakaja mchana kweupe.

Binti yangu alikuwa hospitali Malindi akijifungua mtoto wa pili. Yule wa kwanza, msichana wa miaka mitatu, alikuwa ameniachia mimi. Likapigwa yowe kutoka upande wa mashamba, na kabla hujauliza kuna nini, maji yako mlangoni, mekundu, yana majani na nyoka ndani yake. Kila mtu alibeba alichobeba akakimbilia tuta la barabara. Mimi nilibeba changu. Mwanaesha alimbeba mjukuu wangu begani. Kuna mahali maji yalimfika shingoni, na alikuwa hajui kuogelea, huyo mtoto wa pwani! Akapita. Walifika tutani jua linazama, mtoto hata nguo haijalowa mgongoni.

Pale tutani tulikaa wiki nyingi. Watu walikuwa wakifika kidogo kidogo kwa mitumbwi, wengine walikwama juu ya miti, kwa hiyo kila asubuhi wanawake walisimama wakaita majina. Ukiitwa unaitika. Usipoitika, wanaita tena. Usipoitika tena, kwenu wanaanza kulia.

Mwanaesha akachukua ile ile kuita majina akaifanya wimbo. Beti tano. Wa kwanza nauandika kama alivyoutoa:

Mto ulitoka kwake, ukaja bila ya hodi,
Ukala shamba la mke, na mpunga wa juhudi,
Kuku na makinda yake, hakuna aliyerudi,
Tuhesabu, tuhesabu, nani hakuitikia?

Ule mstari wa mwisho unarudi kila ubeti. Anatoa yeye kwa kisauti chake, tunapokea tuta zima. Mtu aliyechoka, mwenye homa, mtoto, wote walijua pa kuingilia. Ndiyo kazi ya kurudia, jamani, si pambo! Unasema tuhesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza kuna mtu hajasikia.

Na ubeti wa tano, yeye mwenyewe anaitika:

Mimi nimeitikia, jina langu Mwanaesha,
Begani nimebebea, mtoto sikumwangusha,
Maji yalinifikia, shingoni, yakanitisha,
Tuhesabu, tuhesabu, nani hakuitikia?

Sasa sikiliza uchafu wangu.

Mama yake Mwanaesha alifariki huko Kipini, akaondoka kwenda kuzika. Hajamaliza siku tano, akaja mtu wa redio na kinasa sauti, anataka nyimbo za mafuriko. Wakamleta kwangu. Kwa nani tena? Nikaimba. Beti nne nilizitoa kama zilivyo, wanawake wananipokea. Nilipofika wa tano, mdomo ukasimama kidogo, kama ng'ombe kwenye kivuko. Halafu nikasema "jina langu ni," nikajitia mimi. Nikaivuta sauti pale mwisho mpaka mahali pakajaa.

Wanawake wote walisikia. Mmoja alinikanyaga mguu. Nikamkanyaga na mimi!

Wimbo ukatoka redioni. Watu wakanifuata kunipa mkono. "Bibi wa Tuhesabu! Ndiye aliyemwokoa mjukuu wake!" Binti yangu aliporudi kutoka Malindi na kichanga mgongoni alinipigia magoti akilia, ananishukuru kwa mtoto wake. Nikamwambia, "Inuka, mwanangu, mama ni mama." Nikamwambia hivyo! Na wanawake wa tutani wakanyamaza, maana mdomo wangu waliujua.

Mwanaesha akarudi. Hakuweka hata mzigo chini. Akasimama mbele ya turubai langu.

"Wifi," akasema, "nimesikia redioni kwamba nimefariki."

"Kasema nani upuzi huo?"

"Majina yameitwa. Mimi sikuitika."

Nikacheka. "Wifi nawe! Wimbo ni wa wote, kama mto."

"Mto sawa. Na mtoto?"

"Mtoto ni mjukuu wangu. Unataka kunigawia damu yangu?"

Alinitazama, akageuka. Kabla matope hayajakauka alikuwa amemchukua kaka yangu wamehamia Kipini. Mimi nikatangaza kijiji kizima kwamba ni wivu. Eti yeye ana wivu! Na tangu siku ile sijasikia mtu akisema Mwanaesha ametunga hata ubeti mmoja.

Miaka ikapita, nikawa mtu mkubwa. Kila mwaka mto ukifura wanautoa ule wimbo, siku hizi unazunguka kwenye simu. Na yule mtoto wa begani akakua mikononi mwangu, mrefu, mtulivu, kichwa kinachemka. Alipenda kulala akisikiliza namna nilivyombeba. Nami nilimsimulia. Nilizidisha. Niliongeza mamba!

Mwaka huu yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa upande huu wa Garsen. Madam wao wa Kiswahili akawaambia kila mmoja alete shairi la nyumbani kwao, asilotoa kitabuni, alichambue: mizani, vina, takriri. Watakaofanya vizuri watasoma mbele ya wazazi, na mmoja atapewa zawadi. Mtoto akaja mbio. "Bibi, nimemwambia Madam nina shairi lenye mtunzi wake hai!"

Nilikuwa nje naparua kambare kwa jivu. Akakaa kwenye kigoda na daftari lake.

"Bibi, imba polepole."

"Polepole ya nini, nafundisha kasuku?"

"Nahesabu mizani."

"Mizani? Kwani unapima samaki?"

Akacheka mpaka kigoda kikayumba. "Mizani ni silabi, Bibi. M-to-u-li-to-ka-kwa-ke. Nane. U-ka-ja-bi-la-ya-ho-di. Nane. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua," nikasema. Sikujua kitu!

Akanionyesha na vina. Katikati ke, ke, ke. Mwisho di, di, di. Nikaelewa upesi, maana ni kama kubeba ndoo mbili kwenye mzega: ya mbele ikiwa nzito kuliko ya nyuma, bega linakwambia. Akaniambia kule kurudia kunaitwa takriri, na huo mstari unaorudi ni kibwagizo, na tuhesabu imetajwa mara kumi. "Bibi, mishororo hii hakuna unapokosea. Hata washairi wa kwenye kitabu chetu wanalazimisha mahali, wewe hulazimishi!" Nikavimba kama andazi kwenye mafuta. Nilikuwa nasifiwa kwa jasho la mtu mwingine na nikasema, "Ni kipaji tu."

Siku ya tatu akafika ubeti wa tano.

"Bibi, rudia hapa."

Nikaimba, nikavuta palepale ninapovuta.

"Usivute. Sema tu kama unaongea."

Nikasema. Akahesabu kwa vidole. Ji-na-la-ngu-ni, halafu zangu mbili. Saba. Kidole cha nane kikabaki kimesimama peke yake, kinanitazama.

"Ni saba, Bibi."

"Saba si karibu na nane?"

"Na kina hakipo. Sikia: sikumwangusha, yakanitisha. Hapa juu ilitakiwa sha. Jina lako haliishii na sha."

"Nilikuwa nimechoka siku hiyo. Maji yalikuwa mengi."

Akafunua kurasa mbele na nyuma. Hakuwa na ujanja wowote, haki ya Mungu, alikuwa mtoto anayeuliza. "Lakini, Bibi, mishororo kumi na tisa hukukosea. Ukakosea jina lako mwenyewe?"

Jamani! Mimi niliyefunga midomo ya tuta zima, kumbe mlango niliuacha wazi miaka yote. Kooni unaweza kuvuta sauti ukaziba. Karatasi haivuti! Karatasi inaonyesha shimo na ukubwa wake.

Ningeweza kusema pale pale. Tulikuwa wawili tu na kambare. Angelia, ningelia, ingekwisha. Badala yake nilimtupia mkia wa samaki kifuani.

"Nani amekufundisha kupekua maneno ya wakubwa? Andika nane!"

"Si nane, Bibi."

"Andika nane, nani atahesabu?"

"Madam atahesabu," akasema. Akafuta utelezi wa samaki kwenye sare yake, akaenda ndani.

Kosa la kwanza ni kule kuiba jina, la pili ni huo mkia wa samaki. La tatu ndilo baya.

Siku ya wazazi nilivaa leso mpya nikakaa mbele kabisa. Mtoto akasimama na karatasi yake. Alisoma vizuri, mtoto wa watu! Alieleza kwamba mtunzi anarudiarudia kibwagizo kwa sababu watu wenyewe walikuwa wanaitwa majina kila asubuhi, na kwamba kila ubeti unataja kitu kilichopotea ila wa mwisho tu, ambao unaanza na mtu aliyeitika. Nywele zilinisimama. Wanawake wazee nyuma walikuwa wameanza kuuimba ule wimbo chini kwa chini.

Kisha akasema, macho yake kwenye karatasi, "Katika ubeti wa tano, mshororo wa kwanza una upungufu wa mizani moja, na kina kimevunjika. Sehemu nyingine zote zimetimia. Kwa hivyo naona yaelekea kuna neno lililobadilishwa, na neno lenyewe ni jina."

Hakusema la nani. Hakusema na nani. Alisema alichokiona!

Mwanamume mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Ni la nani basi?"

Nikasimama. Sikuitwa. Nikasimama mbele ya walimu, wazazi na watoto wote wale, nikamnyooshea kidole mjukuu wangu.

"Mwongo wewe! Kiumbe usiye na shukrani! Mimi ndiye niliyekubeba begani, maji hapa, hapa!" Nikajigonga shingoni. "Ningekuangusha leo ungekuwa na mdomo wa kunihesabia?"

Madam akaja akinishika mkono. "Mama, tafadhali, hakukutukana, amechambua tu."

"Achambue mchicha!"

Watu wakaangua kicheko. Na kicheko hakikuniangukia mimi. Kilimwangukia yeye pale aliposimama. Msichana mmoja wa darasa lake akaiga namna alivyokuwa akihesabu kwa vidole, wakacheka tena. Mtoto akakunja karatasi mara moja, mara mbili, mara nne, akaenda kukaa. Zawadi ikaenda kwa mwingine.

Na mimi, niseme ukweli wote leo, kile kicheko nilikifurahia. Nilirudi nyumbani nikitembea kama jogoo.

Shule zikafungwa, akasema anaenda kwa mama yake Tarasaa. Nikasema nenda, na adabu urudi nayo. Kumbe kutoka Tarasaa alipanda gari hadi Kipini. Alikuwa ameketi na kujiuliza: mtu wa kwetu, aliyekuwapo tutani, jina linaloishia na sha, na likikaa pale panatimia nane. Hesabu gani hiyo ya kumshinda? Bibi mmoja tu wa ukoo wetu ana jina hilo, na hakuna anayemtaja nyumbani kwangu.

Alirudi baada ya wiki. Akasimama mlangoni, mkoba begani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekonda! Ingia, kuna wali."

Hakuingia. "Bibi, siku ile ya maji ulibeba nini?"

Nikajua. "Nani kakuambia? Amekwambia nini yule mwanamke?"

"Bibi Mwanaesha hakuniambia lolote. Nilimuuliza, akanipikia chai. Nilipomuuliza tena akasema, 'Kamuulize bibi yako, yeye ndiye mwenye wimbo.'" Akangoja. "Ulibeba nini?"

Siku hiyo uongo ulinikataa. Niliutafuta, haki nakwambia, niliutafuta kila kona ya kinywa.

"Ngoma," nikasema.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Jikoni. Umekaa chini."

"Uliniona?"

"Nilikuona. Nilifikiri nitarudi."

Basi. Hakulia, hakupiga kelele. Alipita chumbani akakunja nguo zake, akaniaga kwa adabu zote, akaenda Tarasaa kwa mama yake. Sasa amehamishiwa shule ya huko. Nikipiga simu ananiamkia, anauliza kama nimekula, halafu anasema mtandao si mzuri. Mtandao! Nilikutana na yule Madam wake wa zamani sokoni Garsen, akaniambia alionana naye na akamuuliza kama bado anapenda mashairi. Akamjibu, "Nayasoma ya mtihani, Madam, yanatosha." Mtoto aliyeona shimo ambalo tuta zima lilijidai halioni! Nimemfundisha kwamba ukihesabu sawasawa utachekwa, na atakayeanzisha kicheko ni bibi yako.

Binti yangu ndiye hataki hata hiyo salamu. Alinitumia maneno kwa kijana wangu mkubwa: "Mwambie nilipiga magoti mbele ya mtu asiyehusika."

Na huyo kijana wangu mkubwa naye! Alikuja kunituliza. "Mama, ni jina moja tu. Silabi ngapi hizo? Nani anahesabu mambo hayo siku hizi?" Nilimfukuza na mwiko. Nani anahesabu? Mwanangu mwenyewe anayehesabu mbuzi wake asubuhi na jioni, akikosa mmoja hali chakula, ananiuliza nani anahesabu!

Nilimpigia Mwanaesha. Kaka yangu alipokea, akampa simu. Nikasema yote, bila kuvuta. Nikasema niliiba jina lako, niliiba na bega lako. Nikasikia kuku wa huko kwake.

"Nimekusikia, wifi," akasema mwishowe.

"Nisamehe."

"Nimesema nimekusikia. Mbona umechelewa hivi? Nilikuwa na beti nyingine nyingi. Niliziacha zikaenda."

Akakata. Tangu hapo sijapiga tena, maana nikipiga nitakuwa naomba kitu, na mimi sina haki ya kuomba kitu kwa yule mwanamke.

Sasa nyinyi mnaosoma hapa na mnaimba, mnaimbisha, mnarekodi kwenye simu na kutuma: ukilichukua neno la mtu, lichukue na jina lake. Usiniambie nyimbo za zamani hazina wenyewe. Zina wenyewe, ila wenyewe wana sauti ndogo. Na ukikuta mahali pamepungua usipazibe kwa kelele zako. Uliza nani katolewa hapo.

Na nyinyi mabibi wenzangu, wenye sifa za kutengeneza! Mtoto akija na daftari akakwambia "Bibi, hapa hapatimii," usimtupie samaki. Mwambie ukweli huo huo, mikono yako ikinuka vilevile. Mimi nilidhani nalinda heshima yangu, na heshima yenyewe ilikuwa ni huyo mtoto aliyekaa kwenye kigoda.

Na nyinyi wanawake wa tutani, mlionyamaza: nanyi nimewakasirikia! Mlinikanyaga mguu mmoja tu. Mngenikanyaga kichwa!

Wiki iliyopita walikuja watu watatu wa kamati. Wanaandaa siku ya kukumbuka mafuriko hapo Garsen, mahema, viti, wageni wakubwa. Wanamtaka Bibi wa Tuhesabu afungue. Nikawaambia, "Siimbi. Wimbo si wangu, nendeni kwa mwenyewe."

Mwenyekiti akatabasamu, akadhani naringa. "Bibi, gari litakuja mpaka mlangoni."

"Gari lipelekeni Kipini."

"Basi imba, halafu mwishoni tutamtaja huyo mama wa Kipini. Au ubeti wa tano tuuache kabisa, hakuna atakayejua."

Hakuna atakayejua! Walitaka kumtoa mara ya pili, na safari hii kwa heshima na viti vya plastiki! Niliwaonyesha mlango.

Jana akaja chifu. Mtu mzima, namheshimu, nilimwimbia hata harusi yake. Akakaa, akanywa chai yote, akapangusa mdomo.

"Mama," akasema, "mimi sijaja kwa ajili ya kamati. Nimekuja kukuomba mimi kama mimi. Watu wanakujua wewe. Huyo mwingine nani anamjua? Tusaidie, imba mara hii ya mwisho, yaishe."

"Siimbi. Wimbo si wangu, nendeni kwa mwenyewe."

"Mama, fikiria kijiji."

"Siimbi. Wimbo si wangu, nendeni kwa mwenyewe."